Arobaini na Moja, na Mtoto

Chekechea, darasa la pili
3 Machi

Bibi yake Bobini,

Shikamoo. Mimi ndiye mwalimu mpya wa mjukuu wako. Hatujaonana, maana asubuhi unamwacha getini na kugeuka kabla sijafika, na mchana unamngoja ng'ambo ya barabara. Lakini kazi yako naiona kila siku, kwa sababu hakuna mtoto mwingine hapa ambaye pindo la sare yake limenyooka vile.

Naandika kuhusu maonyesho. Jumamosi tarehe 29 wazazi watakuja kuona kitu tulichokiita "Nilivyokuwa, Nilivyo". Kila mtoto atakuwa na meza yake. Ataweka nguo aliyovaa akiwa mchanga, picha kama ipo, na chochote cha kuonyesha alivyokua. Kisha atasema mwenyewe alijifunzia wapi kutembea na nani alimshika mkono. Tumeanza kujipima ukutani kwa chaki, na tayari wawili wamepigana kwa ajili ya upana wa kidole kimoja.

Bobini ni mtoto wa nidhamu mpaka nashangaa. Nikitikisa funguo za kabati, wenzake wanaendelea na kelele, yeye anachuchumaa kimya, mikono magotini, hadi nimalize. Sijui mmemleaje, natamani mnifundishe na mimi. Tena ana kichekesho chake. Kila asubuhi nikimaliza kuita majina na kusema "wote ishirini na wanne", anaongeza kwa sauti, "Na mtoto!" Wenzake wameshaiga. Siku hizi siwezi kufunga daftari la mahudhurio kabla darasa zima halijapaza "Na mtoto!"

Jambo la mwisho. Leo kila mmoja alisema mama yake ana nini. Mmoja akasema mama yake ana gari, mwingine ana paka. Bobini akasema, "Mama yangu ana kifungo. Bibi anasema ni kirefu." Nilicheka, maana vifungo virefu nimeviona kwenye makoti ya baridi tu, vile vya mti. Kwa kuwa wewe ni fundi wa nguo, naomba umpe akilete hicho kifungo cha mama yake. Kitapendeza sana mezani.

Ni mimi,
Mwalimu wa Bobini


4 Machi

Mwalimu,

Shikamoo yako siitikii. Imekuja imefungwa pamoja na dharau, na mimi vitu viwili katika furushi moja sipokei.

Kama umeshajua, jua peke yako. Hukuwa na haja ya kunichimba kwa karatasi. Eti kirefu. Eti kitapendeza mezani. Kifungo cha mtu hakiwekwi mezani watu wakakitazama huku wanakunywa soda. Kama una hamu nacho, kakitafute kilipo. Mlango wa kuingilia haujawahi kumshinda mtu, shida ni ule wa kutokea.

Nimeshona nguo za watu miaka thelathini na miwili. Nimewashonea maharusi na nimewashonea marehemu, na hakuna aliyewahi kunicheka usoni. Wewe mwalimu wa juzi ndiye umeanza.

Na huko kuchuchumaa usikusifie. Mkataze. Funguo zako zitie mfukoni.

Nguo ya uchanga italetwa. Mama yake amesafiri kikazi. Andika hivyo.

Bibi yake, fundi cherehani


5 Machi

Bibi yake Bobini,

Shikamoo tena, hata kama hutaiitikia. Nimesoma barua yako mara tatu na sijaelewa nimekosea wapi. Mimi nilidhani kifungo ni kifungo, kile cha shati. Kama ni kumbukumbu ya familia isiyoguswa, basi kisije, na unisamehe.

Funguo nimezifunga kitambaa zisilie.

Mwalimu wa Bobini


9 Machi

Mwanangu,

Nusura nijiumbue mwenyewe. Mtoto wako amesema darasani kwamba mama yake ana kifungo, na mwalimu, kwa kuwa anajua mimi ni fundi, akaniomba nikipeleke. Nikamwandikia barua ya moto. Kumbe maskini alitaka kifungo cha koti. Nilicheka peke yangu mpaka mguu ukatoka kwenye cherehani, halafu nikalia kidogo. Tena kila wakimaliza kuitwa majina anapaza "Na mtoto!", na mwalimu anadhani ni kichekesho.

Sasa wanataka kila mtoto alete nguo ya uchanga na aeleze alivyokua. Usiwe na wasiwasi, nimeshalimaliza. Nimeshona kigauni kidogo cha pamba, kola ya duara. Nimekichemsha kwenye maji ya chai, nikakisugua kwa jiwe, nikakianika juani siku mbili. Ukikiona utaapa kina miaka mitano. Na nimemfundisha la kusema: nilijifunza kutembea sebuleni kwa bibi, bibi akanishika mkono. Anasema vizuri, ila anachanganya. Mara sebuleni, mara seloni.

Nafanya hivi kwa ajili yenu wote wawili. Majirani wanajua uko safari. Wateja wanajua uko safari. Hata mimi, siku kazi ikinoga, najua uko safari.

Usinijibu kwa hasira. Akiwa mkubwa tutamwambia.

Mama yako


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua hii inasomwa kabla haijatoka, kwa hiyo namsalimu pia Afande anayeisoma. Afande, ukifika kwenye uzi usishtuke, nitaeleza.

Umesema nisikujibu kwa hasira. Nimengoja siku tatu ipoe, haikupoa, nimeamua kuandika nayo.

Hicho kigauni kichome.

Nilimgonga mtu kwa gari la mikate nikakimbia, na mtu yule hakupona. Nilisema ndiyo mahakamani na nasema ndiyo mpaka leo. Miaka minane ni yangu, sikuomba ipunguzwe hata siku moja. Lakini Bobini hakuwa kwenye usukani. Alikuwa tumboni. Aliletwa huku bila kuulizwa, akakua huku, na kumkuza ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya tangu siku ile. Ukimwambia alijifunza kutembea sebuleni kwako, unaniibia. Vingine vyote nilinyang'anywa kwa haki, Mama. Hiki unakichukua hivi hivi.

Mwambie mwalimu ukweli. Nepi zake zilikuwa shuka zilizokatwa vipande kumi na sita. Jino la kwanza lilitoboa ufizi siku ya ukaguzi, akamng'ata bwana mkubwa kidole. Hatua ya kwanza alitoka mikononi mwangu akaenda kwa yule tunayemwita Muuza Nywele, aliyefungwa kwa kuwauzia watu dawa ya kuotesha nywele kwenye upara. Zilikuwa hatua nne, kati ya kitanda cha tatu na cha nne. Wanawake wazima walipiga makofi mpaka askari wakaja mbio wakidhani tunagombana.

Na hicho anachopaza darasani si kichekesho. Ndivyo tulivyohesabiwa. Funguo zikilia tunachuchumaa mstarini, askari anapita akihesabu, akifika mwisho anasema, "Arobaini na moja, na mtoto." Hakuwa kwenye idadi kwa sababu hakuwa na kosa. Yeye akadhani ni jina lake, akawa anaitikia. Baadaye hata askari waliishia kwenye arobaini na moja wakamwachia amalizie mwenyewe. Siku ya kwanza baada ya kuondoka kwake, hesabu iliishia arobaini na moja na hakuna aliyenyanyuka. Tulikaa tumechuchumaa, tunangoja.

Picha sina. Huku wanapigwa picha wanaoingia tu. Lakini nilimpima. Nilichomoa uzi kwenye pindo la sare yangu, nikawa namlaza na kufunga fundo unyayo wake unapofika: siku aliyozaliwa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na siku aliyonitoka akiwa na minne. Mafundo matano. Afande, ni uzi tu. Hauwezi kumnyonga mtu wala kuvusha ukuta. Naomba uupitishe.

Mficha uchi hazai, Mama. Wewe ndiye uliyenifundisha. Miaka mitano hujavuka geti hili. Siku ya kumchukua ulisimama nje ukanyoosha mikono kama mtu anayepokea mzigo, hukutaka hata kuchungulia ndani. Mimi sikukulaumu, nilisema ni aibu, itapita. Sasa naona aibu hiyo unataka kumvisha na yeye, tena umeishona kwa vipimo vyake.

Mwanao


19 Machi

Bibi yake Bobini,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne.

Kigauni kimefika. Bobini alikiweka mezani akawaambia wenzake, "Hiki bibi alikishona juzi, tukakipika na chai." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi. Nakuomba usimgombeze.

Halafu jana baba wa mtoto mmoja alikuja mapema, akatukuta tunaita majina. Ni askari magereza. Aliposikia "Na mtoto!" alisimama mlangoni akauliza nani ameanzisha hilo. Sidhani alikuwa na nia mbaya, lakini alipotoka alipitia ofisini. Sasa Mwalimu Mkuu anajua, na mimi nimejua, na nimeikumbuka barua yangu ya kwanza, ile ya vifungo virefu na makoti ya baridi. Sijui niuweke wapi uso wangu.

Mwalimu Mkuu ameagiza mambo mawili. Kwanza, niwakataze watoto kusema "Na mtoto". Hilo sijalifanya. Pili, Bobini asipewe meza, na siku hiyo apumzike nyumbani ili wazazi wengine wasipate la kusema juu ya shule. Hilo nililikubali. Nilijiambia ni kwa faida yake, asije akaulizwa maswali mbele za watu. Orodha imeshachapwa. Wako ishirini na watatu.

Naomba usimlete Jumamosi. Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio. Najua hiyo si sababu ya kumwambia bibi wa mtoto, lakini ndiyo sababu yenyewe.

Mwalimu wa Bobini


22 Machi

Mwalimu,

Marahaba. Leo nakuitikia, na zile mbili za nyuma pia.

Barua yako ilifika siku moja na barua ya mwanangu. Zote mbili zimenichapa, ila ya kwake imenichapa ninapostahili. Kwa hiyo nitasema mara moja, kwa mwandiko wangu, ukitaka ubandike ukutani. Mama yake Bobini yuko gerezani. Alimgonga mtu kwa gari akakimbia, mtu akafa. Kifungo chake ni miaka minane. Bobini alizaliwa humo akakaa humo mpaka alipotimiza minne. Hakuna aliyesafiri kikazi.

Kigauni nirudishie. Nitakipangusia mafuta ya cherehani.

Unaniambia nisimlete. Mwezi huu huu mimi nimechemsha uongo jikoni kwangu, kwa hiyo sikusemi kana kwamba ni malaika. Tulitaka kumfuta mtoto mmoja, wewe kwa orodha na mimi kwa sufuria. Mimi nimeacha. Wewe utaamua mwenyewe, na kama una watu wanaokutegemea sitakuchukia ukiogopa.

Lakini mwambie Mwalimu Mkuu nakuja. Asinipe meza, ninayo. Bobini ameandikishwa hapo kama wenzake, na sare yake nimeishona kwa kitambaa cha shule yenu. Akitaka kumtoa mlangoni atanitoa mimi kwanza, na mimi nina kilo tisini.

Bibi yake


30 Machi

Mwanangu,

Namsalimu na Afande. Afande, asante. Uzi ulifika na mafundo yake yote matano.

Jana nilibeba ubao wa pasi begani toka nyumbani mpaka shuleni, Bobini mbele yangu na kopo la pini. Nilivaa gauni la kijani, lile nililolishona nikalikunja kungoja siku utakayotoka. Nimeona lisingoje. Watu wakaulizana kama nimeitwa kurekebisha nguo.

Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni. Akaniambia kwa upole, upole wa kukufukuza huku anakushika bega, "Bibi, mtoto huyu hayumo kwenye orodha." Nikamwambia, "Hata alikozaliwa hakuwemo kwenye orodha, na alikua." Nikapita. Hakuwa na la kufanya, maana ubao ulikuwa umetangulia na yeye ndiye aliyelazimika kuupisha.

Niliufungua kati ya mlango na vyoo, ndipo palipobaki nafasi. Nikautandika kitambaa cheupe, nikaunyoosha uzi wako juu yake, kila fundo na pini yake. Nilikuwa nimeupima nyumbani. Alizaliwa na sentimita arobaini na nane. Alikutoka akiwa na tisini na saba. Nimepima watu maisha yangu yote kwa utepe wa dukani, mwanangu, na sijawahi kuona kipimo kilichochukuliwa kwa uangalifu kama kile. Mafundo yako ni madogo kuliko yangu. Nilisimama pale nikaona fahari, nakwambia wazi, na aibu niliyoibeba miaka mitano nikaitafuta nisiione.

Mtoto akapanda juu ya kiti akasema bila kufundishwa na mtu: "Mimi nilijifunza kutembea seloni. Alinishika mama. Halafu akaniachia, nikaenda kwa Muuza Nywele." Mama mmoja mwenye upara wa kichinichini alitaka kujua huyo Muuza Nywele anapatikana wapi. Nikamwambia kwa sasa hapatikani.

Yule askari magereza aliyemweleza Mwalimu Mkuu habari zenu alikuja na mtoto wake. Alikuwa bila sare lakini nilimjua kwa anavyosimama. Akautazama uzi, nikaona ameutambua ulikotoka. Akasema, "Mama, mimi sikukusudia ubaya. Nilisema tu ninachokijua."

"Basi ongeza na hiki," nikamwambia. "Huyu alikua sentimita arobaini na tisa humo ndani. Nenda nacho ofisini."

Hakuenda. Aliinama akamwonyesha mwanawe fundo la kwanza, akamwambia, "Na wewe ulikuwa kama hivi."

Kisha wakaita majina. Watoto walipangwa jukwaani, Bobini akabaki na mimi huku nyuma, kwa sababu Mwalimu Mkuu alisema hivyo mbele yangu na nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumjibu. Lakini mwalimu wake akanitazama, nikaishusha. Ni msichana mwembamba, shingo ndefu, blauzi imembana makwapani. Akaisoma orodha jina baada ya jina. Akafika mwisho. "Wote," akasema, "ishirini na watatu."

Hakuikunja karatasi. Aliwatazama watoto. Mwalimu Mkuu akaanza kupiga makofi ili watu wafuatishe.

Watoto wote ishirini na watatu wakapaza kwa pamoja: "Na mtoto!"

Mwanangu, ukumbi ule una bati juu, na ulilia. Wazazi wakageuka kutafuta nani anaitwa. Bobini ndiye aliyezoea kupaza kuliko wote, ila safari hii hakupaza. Alisimama wima kando ya ubao wa pasi, akanyoosha mkono kama wanavyofundishwa, akasema, "Nipo."

Sitakudanganya kwamba Mwalimu Mkuu alifurahi. Kesho mwalimu ameitwa ofisini. Nimemwambia nitamsindikiza, na ubao nitaubeba. Pia nimemwambia alete ile blauzi niilegeze makwapa.

Kabla hatujaondoka nilimlaza Bobini juu ya ubao nikampima kwa uzi wako. Haukumtosha. Amelipita fundo la mwisho kwa vidole vitatu. Nimeunga kipande cha uzi wangu mwekundu, ule wa cherehani, lakini mwisho wake nimeuacha wazi. Fundo hilo si langu kulifunga.

Nimeulizia siku za kutembelewa. Tunakuja Jumapili ijayo, mimi na yeye, na safari hii sibaki getini. Kwa hiyo Jumapili mkihesabiwa, ikafika arobaini na moja, waambie wenzako wasiharakishe kunyanyuka.

Mama yako